Fundo la Nne la Kamba

Walisema sitafika. Mzee Ramazani, jirani yetu nyuma ya msikiti wa Kasongo, alisema nitarudi kabla ya siku ya pili, baiskeli begani. Mama Bitisho, mwuza maandazi, alisema mwanamume aliyezoea kiti cha ofisi hawezi kupitisha njia ya Kabambare watoto watatu ambao hata mkubwa wao hajafika miaka saba. Na baba yangu mdogo, Mulamba, alinitumia maneno kutoka Kabambare kwa kinywa cha mchuuzi wa chumvi: "Mwambie asilete watoto. Njia ile inakula watoto. Hata mimi ilinishinda."

Nilifika. Na ninayoyasimulia ni kweli tupu, maana mimi si mtu wa hadithi za jikoni. Mimi ni karani. Nina diploma yenye muhuri niliyoipata Stanleyville, nilikokwenda bila viatu na kurudi na jozi mbili. Kazi yangu ni kuandika kilichopo. Mara moja tu maishani niliandika kisichokuwapo, na hicho ndicho kisa chenyewe.

Kwanza mjue huyu Mulamba. Baba yetu alikuwa fundi cherehani hapa Kasongo. Alipokufa, na mama akiwa ametangulia, baba mdogo alikuja kutuchukua twende kwao Kabambare: mimi wa miaka minane, dada yangu Zaina wa miaka minne, mbuzi mmoja, na cherehani ya baba. Tulikwenda kwa miguu. Siku ya pili miguu ya Zaina ikavimba. Tulipofika kwenye mto mmoja, ambao jina lake silitaji kwa kuwa kuna watu wanaokaa pale, baba mdogo aliniambia nitangulie na mbuzi, yeye atambeba mtoto. Nikakimbia na mbuzi. Jioni alinikuta kijiji cha mbele, mgongoni ana cherehani. Akasema Zaina alishikwa na homa ghafla, amekufa, amemzika.

Mgongo mmoja, mizigo miwili, naye alichagua. Nilikuwa mtoto lakini sikuwa mjinga. Homa gani inayoua mtu kati ya adhuhuri na alasiri? Na kaburi gani linalochimbwa bila jembe?

Kwa cherehani ile Mulamba akawa mtu mkubwa Kabambare. Mimi nilichunga mbuzi zake mpaka siku nilipotoroka.

Basi Leta, yaani serikali, iliponihamishia Kabambare, niwe karani wa ofisi, mvua ilikuwa imevunja daraja na malori hayapiti. Wakubwa walinishauri nitangulie, mke na watoto wanifuate kiangazi. Nilikataa. Nilitaka Mulamba anione nikitoka njia ile ile, kwa miguu, na watoto wadogo, wote wazima. Hicho kilikuwa kisasi changu, nami nilikipanga kama hesabu ya ofisi.

Niliandika vituo vyote kwa wino: tutalala wapi, tutachemsha maji wapi, jua likiwa kali tupumzike kivuli gani. Niliandika vidonge vya kinini, karanga za kukaanga, ndizi za kukausha, na nguo kavu ya kila mtoto juu kabisa ya mzigo, si chini. Nyuma ya baiskeli seremala alinitengenezea kiti cha miti cha kukalisha wawili, na mmoja atakaa mbele yangu juu ya nguo iliyokunjwa. Kwa kuvukia mto nilisokota kamba yenye mafundo matatu, kila mtoto ashike lake, na nchani nikapiga fundo la nne ili kamba isifumuke. Nisichokuwa nacho niliazima. Mzee Ramazani, pamoja na dharau yake, alinipa taa. Mama Bitisho alinipa mabakuli matatu ya bati, akasema atayaona akhera.

Ikabaki karatasi ya njia. Desturi ya wakati ule, kapita, msimamizi wa kila nyumba ya wageni ya Leta, alimpa mtumishi anayesafiri chakula kufuatana na vichwa vilivyoandikwa. Niliiandika mwenyewe, na mzungu wa ofisi akatia sahihi bila kuisoma, kwa sababu mwandiko wangu hauhitaji kukaguliwa. Salumu, miaka sita. Mwamini, miaka mitano. Kitenge, miaka mitatu. Nikajisemea kwamba posho ya kichwa kimoja zaidi haitaua mtu. Mkono ukaendelea: Zaina, miaka minne.

Kwa nini jina hilo? Ningeweza kuandika lolote. Niamini, sikulichagua. Nilipokuwa nakausha wino ndipo nilipolisoma.

Feza, mke wangu, hana diploma. Kwao watoto hawahesabiwi kwa kidole. Mama humega kiazi vipande kwa idadi ya watoto wake, akagawa bila kutazama nyuso. Kipande kikibaki, anajua kuna asiyekuwapo. Nilimcheka, nikamwambia kiazi hakijui hesabu. Akanijibu, "Na kidole yako haijui mutoto."

Siku ya kwanza ilikwenda kama nilivyoandika. Mmewahi kusafiri na watoto wadogo? Kila tulipopita shamba la muhogo mmoja aliuliza, "Bado mbali?" Wa pili akadakia, wa tatu akalia kwa kuwa wenzake wameuliza kabla yake. Niliwajibu kwa saa na vituo. Hawakutaka saa wala vituo.

Siku ya pili mchana tukafika mtoni. Badala ya daraja palikuwa na gogo. Nilivusha baiskeli kwanza, kisha mizigo, kisha nikasimama ng'ambo nikaishika kamba. Feza alikuwa mbele ya watoto, beseni kichwani, akiwaita. Nilivuta taratibu. Walipokanyaga ukingoni kamba ilikuwa bado nzito. Nikavuta tena, na wa mwisho akapanda, mkono kwenye fundo la nchani.

Nilihesabu kwa kidole: wanne. Nikakumbuka karatasi: wanne. Nikaridhika, tukaendelea.

Utaniuliza mtu anawezaje kutojua watoto wake. Mimi mwenyewe nimejiuliza miaka yote hii. Ninachojua ni kwamba nilifurahi kama karani ambaye hesabu zake zimelingana, na aliyefurahi hivyo hatazami mara mbili.

Jua lilikuwa halijazama tulipofika kwenye nyumba ya wageni. Kapita alichukua karatasi, akawatazama watoto waliokaa mkekani, akahesabu kwa kidole kama mimi. "Wane, karani. Kartasi iko sawa." Akatupimia unga na sombe, majani ya muhogo, ya watu sita. Feza alikuwa amechemsha kiazi. Akamega, akagawa bila kutazama nyuso, kisha akainua uso.

"Baba Salumu," alisema, "nimemega tatu. Iko mukono moja bado wazi."

Nikawasha taa ya Mzee Ramazani ingawa mwanga bado ulikuwapo. Salumu. Mwamini. Kitenge. Wa nne alikuwa amevaa gauni la buluu lililolowa maji, na kifuani mfuko wa kaki. Baba alikuwa amebakiza kipande cha kaki kutoka kitambaa cha suruali ya mteja, akashona mfuko ule nikimtazama. Ningeutambua hata gizani.

"Kaka," alisema, "ulienda na mbuzi."

Akaendelea kwa sauti ya mtoto aliyechoka tu, hakuna hasira ndani yake. "Baba mudogo alisema nikae, atarudi. Bado mbali?"

Nilitaka kuchukua watoto wangu na kukimbia. Ni Feza aliyenizuia. Alichukua nusu ya kibuyu, maana mabakuli yalikuwa matatu, akamtilia posho kutoka sehemu yake mwenyewe. Alisema aliyekula kwenye chungu chako njiani humwachi njiani, mpeleke anakokwenda. Na hapo, nawaambieni ukweli hata kama haunipambi, hofu ilinitoka ikaingia furaha. Kwa sababu nilijua anakokwenda.

Tulitembea naye siku tatu zaidi. Watoto hawakumwogopa. Mwamini alimwuliza kwa nini gauni lake halikauki, naye akasema bado hajafika. Alikaa juu ya mzigo nyuma ya baiskeli, na mlimani nilisukuma mpaka macho yakaona nyota mchana. Sikulalamika. Kila kapita alihesabu, kila kapita alitoa posho ya wanne, nasi tukaila.

Mulamba alikuwa barazani kwake akishona kaptula, cherehani ya baba mbele yake, wateja wawili wakingoja. Alipotuona alicheka, akainua kidole, akaanza kuwahesabu watoto kwa sauti kama anahesabu mbuzi waliorudi malishoni. Mmoja. Wawili. Watatu. Kinywa kilikuwa tayari kwa neno la kunidhihaki, lakini kidole kikaenda chenyewe kwa wa nne, kikabaki hapo.

Zaina alipanda barazani, akazunguka nyuma ya kiti, akamshika shingoni kama afanyavyo mtoto anayetaka kubebwa. Mulamba akainama. Akainama mpaka paji la uso likagusa gurudumu la cherehani. Wateja waliona mzee ameshikwa na mgongo. Walisema waliona watoto watatu tu; niliwauliza baadaye, mmoja mmoja.

Hakunyooka tena.

Jioni ya tatu alinijia nyumbani, fimbo mkononi, macho chini kwa kuwa hakuweza kuyainua. "Mwanangu," alisema, "weye ni mutu ya kalamu. Ulimwandika. Futa jina. Nitakupa mashini ya baba yako."

Nilitandaza karatasi mezani. Nikafungua wino, nikachovya kalamu, nikaishika juu ya jina aione.

"Homa ilimwua, baba mudogo," nilisema. "Ulimzika. Sasa unabeba nini?"

Akasema kweli yote. Alimketisha juu ya jiwe, kando ya maji, akamwambia angoje. Alipoondoka Zaina alikuwa hata halii, kwa sababu alimwamini. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikafuta kalamu kwa kitambaa, nikaziba wino, nikamwambia kuwa karatasi ya Leta haifutwi bila ruhusa. Akatoka jinsi alivyoingia. Sikumhurumia. Hata leo simhurumii.

Aliishi hivyo kuanzia mvua zile mpaka kiangazi, akilala kifudifudi, akila kama mbuzi. Siku ya kumzika, alikuwa amekonda kama ufito, na bado wabebaji walipokezana mara nne katika njia fupi, mtupo wa jiwe tu. Ukoo ukanipa cherehani, kwa kuwa kila mtu alijua ni ya nani.

Unadhani yaliishia hapo? Wiki ile ile nilipanda baiskeli kwenda ofisini, ikawa nzito nyuma. Nyuma hapakuwa na mtu. Nikasukuma. Kwenye kona ya kanisa nikasikia, karibu na sikio: "Bado mbali?"

Nilirudi nyumbani nikiwa nimelowa mgongo. Nikamwambia Feza kwamba mwenye deni amekwisha kulipa, sasa mimi nina kosa gani? Feza hakunifariji. Alinikumbusha nani alikimbia na mbuzi bila kugeuka. Alinikumbusha nani alikula posho siku zile kwa jina la mtoto asiye na kaburi. Akasema kitu kilichokaa mahali pa Zaina mgongoni kirudi pale alipoachwa.

Nikaifunga cherehani mgongoni. Baiskeli niliiacha. Taa na mabakuli ya watu, ambavyo nilichelewa kuvirudisha mpaka aibu ikafika Kasongo kabla yangu, nilivitia kwenye kikapu nikashika mkononi. Nilitembea siku tatu. Mabega yalichubuka, nikapumzika kila mahali ambapo Mulamba lazima alipumzika. Na sasa naweza kuapa mbele ya yeyote: cherehani ile ni nzito kuliko mtoto wa miaka minne. Kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumbeba.

Jiwe lilikuwapo. Niliiweka cherehani juu yake, na kando yake bakuli jipya la bati, nililolinunua kwa pesa yangu, limejaa ugali na sombe. Nikasema, "Zaina, mahali pako ni hapa mgongoni," nikachuchumaa kama mtu anayengoja mtoto apande. Nilikaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi. Niliposimama nilikuwa mwepesi.

Jina sikulifuta. Karatasi ninayo hadi leo. Feza humega kipande kimoja zaidi, na hakibaki. Nami, nikiwa safarini na watoto, sihesabu tena kwa kidole. Nawaita majina, nangoja kila mmoja aitike. Nawe unayesoma ukiwa unapanga njia ndefu na wanao, panga maji, panga dawa, panga nguo kavu. Lakini usiandike mtoto usiyekuwa naye, na yule uliye naye usimwambie angoje. Kuna wanaongoja vizuri sana.

Kesho yake, baada ya kutoka pale kwenye jiwe, niliingia Kasongo. Mzee Ramazani aliipokea taa yake, akaitikisa kusikia kama ina mafuta. Nilikuwa nimeijaza. Akaitundika bila dharau, na kwa mtu kama yeye hilo ni tuzo. Mama Bitisho alikuwa mtu wa mwisho. Aligonga mabakuli yake kwa kucha, moja, la pili, la tatu, asikie kama yana ufa. Kisha akauliza kama kweli watoto walifika.

"Walifika," nilisema. "Wote wane."

Akayatazama mabakuli matatu mapajani mwake, akanitazama mimi, akayafunika kwa kanga.