Lengalenga Iliyozoea Chumvi

Niliondoka Butembo kwa sababu ya mdogo wangu Kavira, ambaye alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Vita vilimtoa Eringeti pamoja na watoto wake, wakakimbilia kwangu. Kavira ana haya kupita kiasi. Anamega fufu kidogo, anasema ameshiba, huku macho yake yanasema mengine. Siku moja akaniambia mimi dada yake mkubwa, "Yaya, mi narudia kwetu. Mugeni siku mbili, siku ya tatu mumupatie jembe. Mi nakulaka tu kwa mutu."

Kwao risasi zilikuwa hazijanyamaza. Na jembe alikuwa amelishika, maskini! Alilima kiwanja cha nyuma ya nyumba, akapanda maharagwe. Yakaota, yakaungua pembeni ya majani, yakafa. Pale zamani palikuwa na depo, ghala la chumvi. Mwenyewe alikimbia, bati zikaibwa, mvua ikayeyusha magunia yote ndani ya udongo. Kavira aliuonja ule udongo, akatema. "Unaona? Ata udongo unanikatala."

Nilimwomba angoje niende Mbau na kurudi. Mama yetu mdogo, Mama Masika, anafuga samaki kule, na sokoni nilisikia kwamba analima mboga penye chumvi. Kavira akajibu, "Ukirudia mikono mitupu, mi naenda." Namjua tangu anatambaa, akisema amesema.

Asubuhi, barabara ya Beni. Papa Saidi, dereva Mwislamu wa Beni, alinipandisha juu ya magunia ya viazi ndani ya lori lake. Yeye akasema Bismillahi, mimi Salamu Maria, tukaondoka. Kupita Maboya tulishuka sote kusukuma, matope mpaka magotini, na hakuna aliyenung'unika kwa sababu siku ile barabara ilikuwa kimya. Kufika Beni joto lilinikumbusha kwamba nimevaa sweta ya Butembo. Papa Saidi alinionyesha mahali pa kumkuta wakati wa kurudi, akakataa kabisa kuchukua nauli. "Utaniombea, mama," alisema. Ninamwombea mpaka leo.

Kutoka Beni malori yaliogopa kwenda mbele, basi nikaenda kwa miguu na wanawake waliokuwa wanatoka sokoni. Mmoja alinikatia nusu ya ndizi yake ya kuchoma bila mimi kuomba. Jina lake sikulijua. Mungu analijua.

Mbau nilimkuta Mama Masika ndani ya matope ya bwawa lake, kitenge amekikunja juu ya magoti. "Eh! Mutoto wa yaya! Uko muzima?" Alinikumbatia na matope yake yote, nikacheka, halafu nikalia. Nilimweleza habari ya Kavira na ule udongo. Alinishika mkono, akanipeleka chini ya bwawa, kwenye mfereji anakomwagia maji machafu. Pale palikuwa na lengalenga, mchicha wetu, nyekundu, nene, zinanifika kifuani.

"Samaki zangu zilikuwaka na vidonda vyeupe," alisema. "Njo nikatia munyu ya kupikia mu maji, zikapona. Lakini yale maji yakashuka mu shamba, yakaua maharagwe yote. Lengalenga zikabakia mbili tatu. Nikachukua mbegu ya zile zenye zilibakia. Nikapanda, zingine zikakufa, nikachukua tena ya zenye zilibakia. Sasa hizi hazijali."

Alinipukuchia mbegu, nyeusi na ndogo, nikazifunga kwenye pembe ya kitambaa changu cha kichwa. Halafu, mimi na kichwa changu, nikaomba dumu, bidoni moja ya yale maji ya samaki. Mama Masika alicheka mpaka akakaa chini. "Bidoni moja itanywesha shamba gani? Butembo hapana samaki? Maji ni mbolea tu, mutoto wangu. Mwenye kuweza munyu ni mumea." Sikusikia. Niliibeba kichwani mpaka Beni.

Njia ya kurudi, barière, kizuizi cha askari. Askari mmoja alipanda lorini, akaiona bidoni, macho yakamng'aa. "Oyo nini? Lotoko?"

"Hapana, baba, si pombe, ni maji ya samaki."

"Bote banasemaka vile." Akaishusha bidoni yangu akiichekea kwa upendo, akatuachia njia bila kupekua kitu kingine. Nilianza kulalamika, Papa Saidi akanikatiza: "Nyamaza, mama, tuende kabla hajaonja!" Hajawahi kukanyaga mafuta namna ile. Kilomita nzima nilikuwa nimeshika pembe ya kitambaa changu, nacheka. Asante Mungu kwa kiu ya yule askari.

Butembo, mizigo ya Kavira ilikuwa bado mlangoni. Nilimfungulia mbegu kiganjani. Aliziangalia, akaenda kuchukua jembe. Jirani yetu, Papa Kambale, ana bwawa la samaki bondeni, na maji machafu alikuwa anayatupa tu. Alipoombwa alisema, "Mutakuwa munanisaidia." Kavira na watoto wakawa wanayapandisha kila asubuhi na ndoo. Mbegu nyingi ziliota zikafa. Nilikuwa naogopa kuangalia dirishani. Lakini nyingine zilikaa, zikanenepa.

Watu wengi walinipa kitu katika safari ile, na nilipokea bila aibu. Kumbe kupokea ni rahisi kwa mtu mwenye kwake. Mimi nilidhani Kavira anataka chakula, kumbe alitaka kulisha.

Siku moja nilitoka kanisani nikakuta moto umewashwa. Lengalenga ilikuwa kwenye sufuria, na mawese, na kitunguu. Nilinyoosha mkono kuchukua mwiko niwagawie watoto kama kawaida. Kavira akanitoa mkono.

"Kaa, yaya. Leo unakula kwangu."

Nilikaa. Nilikula nikamaliza, nikamnyooshea sahani aniongeze.