Neno Moja Kwenye Sabuni ya Baba

Juzi mjukuu wangu alijipaka mafuta yenye harufu ya njugu zilizokaribia kuungua, nami nikaikumbuka sabuni moja ya utoto wangu hapa Bungoma. Kwanza, msomaji wangu, nitenganishe mambo. Sabuni niliiona na kuishika. Kwamba baba aliinunua Dakar, alikotumwa mkutanoni na ofisi yake, nilisikia kwake. Kwamba alikuwa na mwanamke Matisi, kule Kitale, nilisikia kwa watu, na midomo ya watu haina mlango.

Kilikuwa kipande kizito kilichokatwa kwa kisu, kimefungwa katika karatasi iliyoandikwa viungo vyake kwa mkono, kwa Kifaransa. Mama alimpelekea karatasi hiyo jirani yetu, Mama Nekesa, msomaji wa mtaa mzima. Kidole chake kiliyaruka maneno mengine, kikasimama kwenye *karité*. Ndimi za kwetu, kama mjuavyo, hubadilisha r na l bila kuomba ruhusa.

“Ka-li-te,” akasoma. “Si hii ni Kitale, bana? Ati Dakar. Wamekosea tu kuandika.”

Jioni mama alimwuliza baba maana ya neno hilo.

“Ni Kifaransa.”

“Kifaransa cha nini?”

“Nilinunua sabuni, Mama Wanjala. Sikununua kamusi.”

Mama hakucheka. Kulipokucha alifunga nguo zake na zangu katika leso, akanishika mkono hadi Kitale. Nilielewa kwamba tukimpata mtengenezaji, hatutarudi kwa baba. Matisi tulizunguka duka hadi duka, mama akiinua sabuni, wenye maduka wakiinusa. Mzee mmoja alitikisa kichwa.

“Hii siijui, dada. Hapa hakuna mtu wa kutengeneza ya hivi.”

“Uko na hakika?”

“Ningekuwa nayo, si ningekuuzia?”

Mama alicheka hadi akajifuta macho. Tukarudi Bungoma.

Miaka mingi baadaye, mama akiwa ameshafariki, nilifungua kamusi. *Karité* ni mti wa Afrika Magharibi. Kokwa zake hutoa mafuta. Hata hivyo neno hilo huthibitisha kilichomo ndani ya sabuni, halithibitishi safari ya aliyeinunua. Nilitambua pia kwamba mama alifunga safari ile akiomba asipate alichokwenda kukitafuta. Kama baba alifika Dakar, sijui. Ninachoweza kukishuhudia ni kwamba jioni ile mama alifungua leso, akarudisha nguo zetu sandukuni, akapeleka maji ya moto bafuni na kuita, “Baba Wanjala, njoo uoge.”