Tafsiri ya Dereva

Katika miaka ishirini na sita ya kuwapokea wageni wa kitivo, Tashko aliwachukia wachache tu, na hakumchukia yeyote kama Daktari Ingvild Torske.

Karatasi za chuo pale Bitola, Masedonia, zilimwita dereva, lakini udereva ulikuwa nusu ya kazi. Yeye ndiye aliyewalaki watafiti uwanja wa ndege wa Skopje, akawapandishia masanduku hadi ghorofa ya tatu ya nyumba ya wageni, akawaonyesha kwamba bomba la maji moto halifunguki mpaka ligongwe. Mgeni akiumwa jino, aliitwa Tashko. Akipoteza pasipoti, Tashko. Profesa mmoja wa Krakow alimtaja kwenye ukurasa wa shukrani wa kitabu chake, na kitabu hicho kilikaa juu ya televisheni nyumbani kwake, karibu na picha ya harusi. Tena Tashko alikuwa Mvlahi, wa kabila dogo la wafugaji lenye lugha yake, mzaliwa wa kijiji cha juu mlimani, na wageni waliokuja kutafiti Kivlahi hawakuwa na njia ya kuwafikia wazee ila kupitia mdomo wake. Jambo hilo lilimpa kichwa kidogo, naye hakulificha.

Daktari Torske, Mnorwei, alifika vuli ya mwaka 2007. Kutoka uwanja wa ndege alikaa kiti cha nyuma, akashusha kioo kwa baridi ile yote, akasema gari linanuka sigara. Siku ya tatu alimwandikia mkuu wa kitivo kuwa dereva anavuta ndani ya gari na anajibu maswali wanayoulizwa watu wengine. Mkuu alimsomea Tashko barua hiyo huku akicheka. Tashko hakucheka. Toka hapo ikawa vita ya kimyakimya. Akimpeleka vijijini alichagua barabara yenye mashimo, na mama yule hakulalamika, alishika daftari lake kwa mikono miwili na kuandika herufi zikirukaruka. Tashko akiwasha redio, yeye anavaa vipokea sauti masikioni.

Lililomuuma kuliko yote lilikuwa la lugha. Alipomtajia jina la Kivlahi la kondoo jike asiyezaa, Torske alifungua kitabu, akatafuta, akasema kwa Kimasedonia chake kilichonyooka kama rula, "Kitabu changu kinasema vingine."

"Basi kakamue maziwa kitabu chako," Tashko alimjibu. Hawakusemezana tena hadi jioni.

Kwa shangazi yake alimpeleka kwa sababu wazee wengine walikuwa wamekwisha kuhojiwa. Shangazi Despa alikuwa na miaka themanini na mitatu, hakuolewa maishani, na alikaa peke yake katika nyumba ya mawe juu kabisa ya kijiji, na kuku sita na mbuzi mmoja mkali. Alikuwa dada wa Mitrush, baba yake Tashko. Mitrush alikufa zamani, na jina lake lilichongwa kwenye kibao cha marumaru ukutani mwa shule ya kijiji, la tatu kutoka juu, kati ya wapiganaji wa vita vya kuwafukuza wavamizi. Ni jina hilo lililompatia Tashko kazi chuoni, enzi ambazo jina la namna hiyo lilifungua milango.

Torske aliweka kinasa sauti mezani, kando ya sahani ya jibini. Aliuliza kwa Kimasedonia, Despa akajibu kwa Kivlahi: maneno ya kukata sufu, ya kugandisha maziwa, ya kuhasi kondoo dume. Mambo yakaenda vizuri kwa saa nzima. Kisha Torske akauliza kondoo walifichwa wapi wakati wa vita. Despa akafuta makombo mezani kwa kiganja, na alipoanza tena kusema sauti yake ilikuwa nyingine, ya chini, ya haraka, maneno yanapita kwenye pengo la meno bila kusimama.

Alisema kwamba majira ya baridi ya mwaka 1943 mchumba wake Zisi alijificha katika zizi la juu, ameumia mguu. Waliojua walikuwa wawili, yeye na kaka yake Mitrush. Mitrush alishuka mjini Jumanne kununua chumvi, akaingia kituo cha polisi wa wavamizi, akakaribishwa kiti, akatoka na buti mpya. Alhamisi walimfuata Zisi, na hakurudi. Miezi minne baadaye, upepo ulipogeuka, Mitrush akajiunga na wapiganaji msituni, amevaa buti zilezile.

 Maisha yake yote Tashko hakuwahi kusikia neno hata moja la habari hiyo. Torske, ambaye Kivlahi alikipata kwenye vitabu na kwa kasi ile alikuwa ameachwa mbali, alimgeukia. "Anasema nini?"

"Anasema mbwa mwitu aliingia zizini," Tashko akajibu. "Majira ya baridi. Akachukua mmoja."

Despa alikijua Kimasedonia vizuri kabisa. Alimtazama mpwa wake kwa muda mrefu, akainuka, akaenda kuwatia kuku ndani.

Wakishuka mlima Tashko alijipa moyo. Kanda zilikuwa mamia; hii itakaa sandukuni huko Norwei na nyingine zote mpaka dunia iishe. Lakini majira yale ya baridi hakumtembelea shangazi yake hata mara moja, na alipomtumia unga na mafuta kwa mkono wa jirani, hakuja ujumbe wa shukrani.

Mei iliyofuata mkuu wa kitivo alimwambia Tashko kwamba Daktari Torske anarudi na ameomba apelekwe kwa Despa moja kwa moja. Safari hii alikaa kiti cha mbele. Tashko aliona hilo ni baya kuliko kukaa nyuma.

Walipofika kona moja, zilipobaki kilomita nne kufika kijijini, Torske alisema akiangalia barabara, "Nilimpata Mvlahi wa upande wa Ugiriki akaniandikia kanda yote, neno kwa neno. Hamna mbwa mwitu mle."

Tashko akabadilisha gia.

"Umenidanganya mimi, hilo naweza kulimeza. Lakini umemfuta mama wa watu akiwa amekaa mbele yako."

Tashko akakanyaga breki. Alishuka, akatoa mkoba na sanduku la vyombo vya Torske, akaviweka juu ya majani pembeni ya lami. Akafungua mlango wa upande wa Torske.

"Shuka."

"Bwana Tashko, hii ni kazi yako."

"Kazi yangu ni kuwabeba wageni. Wewe si mgeni. Mgeni haingii nyumba ya watu kufukua makaburi. Shuka, kabla sijasahau kuwa wewe ni mwanamke."

Torske alishuka. Hakupiga kelele wala hakuomba. Alitupa mkoba begani, akalishika sanduku, akaanza kupanda barabara bila kugeuka nyuma. Tashko aligeuza gari akashuka mpaka chini bondeni, anatukana peke yake, na huko ndiko alikougundua ujinga wake: alikuwa amemwacha adui afike kwa shangazi kabla yake. Akageuza tena.

Aliwakuta uani. Torske amevua viatu, miguu yake yenye malengelenge imo ndani ya beseni la maji, mkononi ana bakuli la mtindi. Mkono wa Despa ulikuwa begani kwa yule mama.

"Mtoto wa Mitrush amefika," Despa akasema kwa Kivlahi. Hakusema Tashko, wala mwanangu.

Tashko alianza kujieleza. Alisema alimlinda shangazi mwenyewe na midomo ya watu, aliilinda familia, mambo ya vita yalikuwa machafu kwa kila mtu, na marehemu hawezi kujitetea. Alimwomba amwambie huyu mgeni afute ile kanda. Torske akasema, na hapo alisema kwa Kivlahi cha polepole ili wote wawili wamsikie, kwamba kanda ni ya Despa, na Despa akisema ifutwe itafutwa leo hii.

"Isifutwe," Despa akasema. "Na jina la Mitrush liandikwe. Jina lake na la baba yake."

"Shangazi, jina la baba liko ukutani pale shuleni. Wajukuu wangu wanalisoma."

"Na la Zisi liko wapi? Nani alikupa kazi ya kunifunga mdomo? Miaka sitini na mitano nimekaa nayo. Ningemwambia nani hapa? Kila mtu hapa ni wa Mitrush, alikula kwake au alibatizwa pamoja naye. Huyu hana mtu kijijini. Aliniuliza habari za kondoo tu, na kitu kikatoka chenyewe. Nikasema, afadhali mpwa wangu amesikia, atanishika mkono. Wewe ukaleta mbwa mwitu."

"Ningefanya nini basi? Nimtukane baba yangu kwa kinywa changu?"

"Ungenyamaza, hiyo tu ingetosha. Nenda zako. Usikanyage hapa mpaka nikuite."

Hakumwita. Chuoni, Torske hakupeleka malalamiko, ila mtu mwingine aliiona mizigo ile kando ya barabara na habari ikashuka hadi mjini. Mkuu wa kitivo alimhamishia Tashko kwenye boila, tanuri la kupashia joto jengo kuu, wageni wakapewa dereva mwingine. Miaka miwili baadaye Despa akafa. Tashko alisimama nje ya kanisa mpaka mwisho, kofia mkononi, kwa sababu hakujua kama kukatazwa kule kulikuwa bado na nguvu. Torske alikuwa ndani, mstari wa mbele, na kitambaa cheusi. Walipishana mlangoni bila salamu.

Halafu, majira ya baridi ya mwaka uleule, mkuu wa kitivo akateremka kwenye boila na furushi la kurasa mia mbili na ishirini. Ni maneno ya wazee wote, kwa Kivlahi na kwa Kimasedonia. Juu yake kulikuwa na barua fupi. Torske aliandika: "Bwana Tashko, mimi sikupendi na wewe hunipendi. Aliyenifanyia tafsiri ni wa kusini, Kivlahi chenu kinampiga chenga. Aliyebaki anayekijua na kujua kuandika ni wewe. Sahihisha au rudisha."

Alitaka kurudisha. Lakini alifungua ukurasa wa kwanza, ili tu aone, akakuta kosa mstari wa nne. Akachukua penseli. Kwenye ukurasa wa pili makosa yalikuwa matatu, akaona raha. Kwa wiki tatu alikaa kwenye kiti chake kando ya boila, akisahihisha kwa hasira nzuri ya kumwonyesha yule mama na vitabu vyake ni kiasi gani hajui. Yule kondoo jike asiyezaa alimkuta ukurasa wa tisini, ameandikwa kama kitabu kilivyosema. Alimkata kwa mistari miwili mizito.

Maneno ya Despa yalianza ukurasa wa mia na hamsini na moja. Tashko hakuruka. Alisoma chumvi, kituo cha polisi, kisha sentensi hii: walimpiga Mitrush mpaka akasema. Penseli ikasimama. Shangazi hakusema hivyo. Tashko alikuwepo, aliyasikia kwa masikio yake. Kwa Kivlahi neno la kumpiga mtu na la kumkaribisha kiti yanakaribiana, na Mvlahi wa kusini hawezi kuyatofautisha kwenye kinywa kisicho na meno. Despa alisema walimkaribisha kiti.

Mkono wake ulikuwa umezoea. Ulikata neno la kosa na kuandika la sawa juu yake, kwa herufi safi, kabla hajamaliza kufikiri kwamba amepata tena kosa la Torske. Ndipo aliposoma alichoandika. Kifutio kilikuwa mfukoni mwa koti, na hakuna mtu mwingine duniani ambaye angejua. Alikitoa, akakaa nacho. Boila ikazima na kuwaka mara mbili. Mwishowe alikirudisha mfukoni na kufungua ukurasa uliofuata, na huko pia kulikuwa na makosa.

Alimkabidhi karani wa kitivo furushi na kutia sahihi daftarini. Barua ya Torske ilikuja Machi, safari hii ndefu, ya kushukuru, ikimwomba ruhusa ya kumtaja kitabuni. Tashko aliisoma mara moja, akaitia kwenye droo ya vifaa, na hakumjibu.