Hodi ya Tatu

Miaka ile ya Ujamaa, kila darasa katika shule yetu ya Lushoto lilitunga mchezo wa kuigiza kwa ajili ya siku ya wazazi. Wengine walichagua jembe na ushirika. Mimi niliomba tuwatishe watu.

Mwanzo wangu ulikuwa hivi: mama anamenya viazi, jini aliyejifunika shuka jeupe anaruka jukwaani akipiga kelele. Tulipoujaribu mbele ya darasa, wote walicheka. Aliyecheka zaidi ni msichana mmoja kutoka Mnazi. Machozi yakanilenga.

Mwalimu wetu, mtu wa Tanga, hakunibembeleza. Alimsimamisha yule msichana.

“Umecheka. Haya, mwambie mwenzako kwa nini.”

“Nilimwona mapema mno, mwalimu. Halafu jini lenyewe limevaa soksi za shule.” Kicheko kilipokwisha akaongeza, “Mimi huogopa nikisikia hodi, nikafungua, nisikute mtu.”

Nilimnunia siku mbili. Siku ya tatu nikafuta jini, nikaandika hodi tatu, nikamwomba yeye mwenyewe awe sauti ya mpiga hodi. Tulipojaribu tena, mwalimu alisema hodi zetu zinafukuzana kama watoto wanaokimbilia uji.

“Waacheni watu wasubiri.”

Tukajifunza kunyamaza. Kisha nikaiondoa hodi ya mwisho mlangoni, nikaihamishia chumba cha ndani. Hilo hakunifundisha mtu.

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa jua kali. Mama wa jukwaani akamenya viazi.

“Hodi!”

Wazazi wetu, kwa mazoea, wakaitika kwa pamoja, “Karibu!” Wakajicheka. Mlango ukafunguliwa; hapakuwa na mtu.

“Hodi!”

Safari hii walioitika walikuwa wachache. Tukasubiri. Hodi ya tatu ilipotokea chumbani, nyuma ya mgongo wa yule mama, hakuna aliyeitika. Nilichungulia. Baba yangu, mzee wa kanisa aliyeiona michezo kuwa upuuzi, alikuwa amesimama bila mwenyewe kujua.

Msichana wa Mnazi akanifinya mkono. “Wasikie walivyo kimya,” akaninong'oneza.

Tukirudi nyumbani, baba aliniuliza, “Ile hodi aliiandika nani?”

“Mimi, baba, na mwenzangu mmoja alinisaidia.”

Akatembea hatua kadhaa.

“Ile ya tatu ilikuwa mbaya sana,” akasema.

Sijawahi kusifiwa vizuri kuliko hapo. Nilipanda kilima chetu kifua mbele.