Kidole cha Marehemu

Asubuhi hii ukumbini wamo watu watano: mwongozaji wa mchezo, msichana anayeigiza binti, fundi wa taa aliye juu ya ngazi, mke wa marehemu, na marehemu mwenyewe, aliyelala chali katikati ya jukwaa.

Marehemu anapiga chafya.

"Mzee!" mwongozaji analalamika. "Maiti hapigi chafya."

"Kwa vumbi la jukwaa hili, mwanangu, hata maiti wa kweli angepiga," anajibu bila kufumbua macho.

"Marehemu" ni jina la utani alilopewa na wenzake, na halikuja bure. Kwa miaka thelathini na minane ya kuigiza, hajawahi kuwa shujaa wala bwana harusi. Amekuwa mlinzi, babu, mfungwa na dereva wa majambazi; filamuni na jukwaani, ni nadra afike mwisho wa hadithi akiwa hai. Uhusika mdogo hulipa kidogo, kwa hiyo cherehani ya mkewe ndiyo iliyosomesha watoto wao watatu.

"Sura yangu si ya kubandikwa kwenye bango," asema. "Lakini mtu akiniona njiani husimama, anajikuna kichwa: huyu mzee namjua! Basi, nami roho yangu kwatu."

Mkewe ndiye hakuweza kuzoea. Mara ya kwanza kumwona akifa, ndoa yao ikiwa bado changa, alipanda jukwaani akilia, akamtikisa mabega mbele ya watazamaji. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Waliporudi nyumbani wakaafikiana: kila afapo jukwaani, atachezesha kidole gumba cha mguu wa kushoto, mara moja tu. Tangu hapo mke huketi kiti cha kwanza kushoto. Akikiona kidole, hushusha pumzi. Kwenye filamu, mume hupiga simu: "Mama Watoto, nimefufuka."

Mwaka jana alianguka mazoezini kabla ya zamu yake ya kufa. Wenzake walimpigia makofi, wakisema ni maigizo tu. Mkewe alitazama kidole. Kidole kimetulia tuli. Ukelele wake ndio uliomfikisha hospitalini moyo ungali unapiga.

Sasa anaigiza mlinzi mstaafu anayefia kazini, na mwongozaji anataka afe na buti zake miguuni.

"Mlinzi bila buti ni mlinzi gani?" anauliza mwongozaji.

"Baba Watoto," mkewe anaita kutoka kitini, "nilikwambia nyumbani. Bila kidole, hufi."

"Mama, ni maigizo tu," mwongozaji anamwambia.

"Hata mwaka jana mlisema hivyohivyo."

Fundi wa taa anajifanya kukaza balbu.

Msichana anaingilia kati. "Mimi si ndiye binti yake? Baba amesimama lindoni maisha yake yote. Akilala, nani atamvua viatu kama si mimi?"

Hangoji kujibiwa. Anapiga magoti, analegeza kamba, anavuta buti moja, kisha nyingine, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. Anaziweka kando zikiwa sawasawa. Mgongo wake unaificha miguu isionekane popote ukumbini, isipokuwa kutoka kiti cha kwanza kushoto.

Kidole kinacheza. Mara moja.

"Haya," mke anasema, akifuta macho kwa kiganja. "Hapo amekufa vizuri."

Mzee anaketi na kupangusa vumbi. Anatumaini iko siku atapewa uhusika wa mtu anayefika mwisho wa hadithi akinywa chai. "Hata kama chai yenyewe haina sukari," anaongeza.

Mwongozaji anapiga makofi mawili, wote wanamgeukia.

"Sikilizeni. Jumamosi pazia likifunguliwa, buti zinavuliwa. Na waambieni wa tiketi: kiti cha kwanza kushoto hakiuzwi."