Mbuzi, Lango na Mtaalamu

Mimi hufanya kazi Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke, kwa hivyo kila nirudipo nyumbani Nakuru mwishoni mwa wiki huwa na suluhisho la jambo ambalo hakuna aliyelalamikia.

Jumapili moja nilimkuta binti yangu, wa gredi ya tano, akitengeneza mchezo kwenye tableti. Ile programu haihitaji kuandika chochote: unachukua visanduku, unaviunganisha kwa mistari, basi. Mchezo wake ulikuwa na mbuzi zizini, shamba la kabichi na lango. Mchungaji alisimama kwenye jiwe moja, mbwa kwenye jingine, na mistari ya mawe yote mawili ikaingia kwenye kisanduku cha NA. Wote wawili wakiwepo, lango linafunguka. Mmoja akikosa, linabaki limefungwa. Alikuwa auonyeshe darasani Ijumaa, mbele ya wazazi.

Ulifanya kazi vizuri kabisa, na hilo liliniudhi.

"Na waya ikikatika?" nikamuuliza.

"Dad, hii haina waya."

Nikamhurumia kwa kutojua kwake. Nikamweleza kwamba kazini valvu ya usalama hufunguka yenyewe umeme ukipotea, mvuke utoke nje, watu wapone. Kisha nikapachika kisanduku cha SIYO, kile kinachogeuza kila amri kuwa kinyume chake, kabla ya lango, nikaenda kunywa chai. Kujaribu ni kwa wanagenzi.

"Lakini yangu ilikuwa inafanya," alisema. Nilimwambia aniheshimu.

Ijumaa niliomba ruhusa, nikaketi mbele kwenye kiti cha watoto, magoti karibu na kidevu, nikiwa tayari kupongezwa. Binti yangu akabonyeza kuanza. Mchungaji bado alikuwa mbali, mbwa hajaamka. Hakukuwa na mtu kwenye mawe, na lango likafunguka papo hapo, kwa usalama wa hali ya juu. Mbuzi walitoka kama mvuke. Kabichi ziliisha kabla binti yangu hajamaliza kusema jina la mchezo.

Darasa zima likacheka. Mwalimu akauliza kwa upole nani aliweka hicho kisanduku cha mwisho.

Nilikuwa na nafasi nzuri ya kuinua mkono. Niliangalia viatu vyangu.

"Ni mimi, teacher," binti yangu akasema. "Nilichanganya."

Akakifuta kisanduku changu, akaunganisha mstari upya, akaanza tena. Mbuzi wakatulia zizini hadi mchungaji na mbwa walipofika. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, nikiona aibu mpaka masikio yanawaka.

Tukitoka langoni mwa shule nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Wangekucheka," alisema, akifunga zipu ya begi. "Na wewe ukichekwa, nyumbani hatuongei mpaka urudi kazini."