Kiti cha Mama Nzau

Uwanja wa Muthetheni hauna nyasi. Una vumbi jekundu, nguzo mbili za mkaratusi, na wavu ambao Kalekye huufuma upya kila mbuzi wanapoutafuna. Hakuna anayemlipa kwa kazi hiyo. Siku za soko huuza ndengu na mbaazi. Jumamosi, yeye na Kilonzo, fundi wa pikipiki, huwafundisha wasichana voliboli. Huko uwanjani hafukuzwi mtu. Aliyeacha shule hucheza na aliye kidato cha nne, na wenye raba huzivua ili wasio nazo wasijione wako peke yao.

Lakini mwaka huu Kalekye alikuwa akimkosa mmoja. Kila mazoezi yalipoanza, macho yake yaliteleza hadi kwenye njia itokayo mtoni, yakakaa hapo.

Mueni ndiye aliyekuwa akiwainulia wenzake mpira karibu na wavu. Aliuinua polepole, kana kwamba mpira wenyewe umeomba ruhusa ya kupaa. Kisha akapata mimba. Baba wa mtoto akaenda Athi River kutafuta kazi ya kiwanda, na simu yake ikazimwa. Mtoto akaitwa Nzau, jina la babake Mueni, maana upande wa baba hapakuwa na mzee wa kurithiwa jina.

Kalekye alimfuata nyumbani akamrudisha, na klabu nzima ikampokea vizuri. Wakamwekea kiti kivulini, wakampa uji kabla ya wengine. Wasichana waliokuwa wakigombana naye juu ya pointi sasa walimwamkia kwa adabu: "Shikamoo, Mama Nzau." Alipoingia uwanjani, Kilonzo alimrushia mpira kama anayemkabidhi yai.

Kwao ni heshima. Mwanamke akishazaa, jina lake hufunikwa. Kumwita kwa jina tupu ni kama kumvua leso sokoni. Kalekye mwenyewe ni Mama Ndambuki tangu Ndambuki azaliwe, na Ndambuki siku hizi ana ndevu.

Mueni alikuja Jumamosi chache, akaacha.

Kalekye alivumilia hadi akashindwa. Alimkuta Mueni nyumbani akitwanga mahindi kuyatoa maganda, yawe muthokoi, mtoto amelala kwenye mkeka kando ya kinu.

"Nani alikukosea?" Kalekye aliuliza. "Niambie, nimkate masikio."

"Hakuna mtu alinikosea, Mama Ndambuki."

"Basi mtoto? Nilisema nitakushikia."

"Si mtoto." Mueni alitwanga mara kadhaa bila kuinua uso. "Mlinipa kiti."

"Kiti? Mueni, kiti ni kibaya?"

"Wachezaji wanakaa chini. Wageni ndio wanapewa kiti. Hata Kilonzo, ule mpira wake! Nilikuwa nataka anipige nao kifuani nianguke, nijue niko hai. Wananiamkia kama nyanya yao. Mimi niko na miaka kumi na nane."

Kalekye alitaka kucheka, akaacha. Aliikumbuka Jumamosi yake mwenyewe, Ndambuki akiwa mchanga, alipokwenda uwanjani wenzake wakamsogezea kiti. Alikikalia. Alishukuru hata. Hakujua kwamba hatainuka.

"Kuja Jumamosi," alisema. "Nitaongea nao."

"Wataacha?"

"Wakikataa, wacheze na mbuzi."

Jumamosi aliwakusanya wasichana kabla Mueni hajafika. Aliwaambia kwamba ndani ya mistari ya majivu iliyozunguka uwanja hakuna mama wa mtu. Wakatazamana kwa aibu. Mmoja akauliza, je, mamake akisikia? Kalekye akajibu kwamba mama huyo aje, naye pia atavua viatu acheze.

Mueni alikuja, akamkabidhi Kalekye mtoto, akaingia. Mwanzoni ilikuwa vibaya. "Chukua, Mama... Mueni!" walisema, wakijiuma ndimi. Kilonzo akatuma mpira wake wa yai.

"Aka, Kilonzo!" Mueni alimpigia kelele. "Umekula lakini? Hata kuku wa Kithimani angeruka akaudaka huo!"

Uwanja ukaangua kicheko. Kilonzo akakunja mikono ya shati, akaupiga. Mpira ulimpata Mueni begani, ukamkalisha vumbini. Kisha msichana aliyekuwa hodari wa kumwamkia akamwinamia:

"Mueni, umelala? Tukuletee blanketi?"

"Leta mdomo wako hapa!" Mueni alisema, akainuka na vumbi lake lote, akicheka.

Kuanzia hapo jina likarudi. Mueni, nyuma! Mueni, mimi! Lilipita juu ya wavu na kurudi, likitupwa bila kupimwa.

Kalekye alikuwa amesimama nje ya mistari, Nzau amefungwa mgongoni mwake kwa leso. Mtoto alilia kidogo, naye akamtikisa, akamfanyia Mueni ishara aendelee. Mpira ukapaa tena na tena. Hakuna aliyemwita Kalekye, na hakungoja kuitwa. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu mtu yeyote alitamke jina hilo. Ila kila mpira ulipoelekea upande wake, magoti yalijikunja yenyewe kabla hajayakataza, na viganja vyake, vyenye harufu ya mbaazi, vikafunguka.